MJADALA: Madirisha ya mbao ya Pimlico yabaki au yang'olewe, na gharama abebe nani?

Mpangaji wa Ghorofani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta mada ambayo kwa haraka haraka mtu atasema ni ya Waingereza wenyewe, lakini wengi wetu tunaoishi huku inatugusa mfukoni na kifuani.

Napanga Pimlico, London, kati ya stesheni ya Victoria na mto Thames. Kwa asiyepajua, ni safu za nyumba za ghorofa nne tano zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zimepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe inayoelekea maziwa. Mlangoni kuna ngazi chache na nguzo mbili, mbele kuna uzio wa vyuma vyeusi. Nyingi zilijengwa na mkandarasi Thomas Cubitt, kuanzia miaka ya 1830 hadi alipofariki mwaka 1855. Ndani ya lipu mna matofali ya kawaida tu. Lipu iliwekwa ili nyumba ionekane ya mawe.

Kwenye jengo letu kumezuka ugomvi. Mwenye flati iliyo chini yangu anataka kung'oa madirisha ya mbao ya mbele na kuweka ya plastiki yenye vioo viwili. Majirani wamegawanyika. Wapo wanaopita mlango kwa mlango kukusanya saini za kupinga, na wapo wanaosema mtu aachwe apate joto kwake. Pande zote mbili zimeshaniomba saini, na bado sijampa yeyote.

Sheria yenyewe, kwa kifupi, iko hivi. Tangu mwaka 1967 halmashauri za huku zinaweza kutangaza mtaa mzima kuwa eneo la hifadhi. Wa kwanza ulikuwa mji wa Stamford, Lincolnshire, mwaka huohuo, na leo England ina maeneo kama 10,000. Mbali na hayo kuna majengo yaliyoorodheshwa kisheria kama urithi, moja moja, karibu 400,000. Hayo hata ngazi za ndani huwezi kuzibadili bila ruhusa, na ukifanya bila kibali ni kosa la jinai. Eneo la hifadhi ni jepesi zaidi: mwenye nyumba nzima mara nyingi anaweza kubadili dirisha kwa lingine linalofanana bila kuomba, isipokuwa halmashauri iwe imeiondoa haki hiyo kwa amri maalumu. Flati hazina haki hiyo kabisa. Na Pimlico nyumba nyingi zimekatwa flati, kwa hiyo ukitaka kubadili dirisha la mbele, lazima uombe kibali.

Msimamo wangu nauweka wazi mjue pa kunishika. Nataka madirisha yabaki, na vyuma vya uzio vibaki, na vifuniko vya mashimo ya kumwagia makaa vilivyo kwenye njia ya miguu vibaki. Nayapenda mambo haya na sioni haya kusema. Lakini si haki kwamba wanaofaidi uzuri wake ni wapita njia na mwenye jengo ambaye bei ya mali yake inapanda, halafu anayelipa ni mpangaji anayelala na soksi mbili. Hifadhi iendelee, ila haki ya kupata joto iandikwe ndani ya hifadhi yenyewe. Vioo viwili vyembamba vya kisasa viruhusiwe ndani ya fremu za mbao bila mlolongo wa maombi, kodi ya serikali kwenye ukarabati ishuke, na mwenye nyumba abanwe atengeneze. Karibuni.

Fundi Mbao

Mleta mada, umegusa kazi yangu. Natengeneza madirisha haya kusini mwa London, kwa hiyo nasema ninachokishika.

Dirisha la Pimlico ni fremu mbili, moja juu na moja chini, zinazopanda na kushuka kwa kupishana. Kila fremu imefungwa kamba pembeni. Kamba inapita juu ya kapi dogo, na ncha ya pili inaning'iniza chuma cha uzito ndani ya boksi la mbao ambalo hulioni. Fungua kile kifuniko cha boksi, utakuta vyuma virefu vya mviringo vyenye kutu, bado vinafanya kazi tangu enzi za Malkia Victoria. Uzito wa vyuma lazima ulingane na uzito wa fremu pamoja na kioo chake. Mtu akichomeka vioo viwili vizito bila kuongeza uzito upande wa pili, dirisha halikai juu, linashuka kwa kishindo, kisha lawama anatupiwa aliyelibuni.

Tazameni pembe za chini za fremu ya juu. Mkiona vijipembe viwili vya mbao vimechongwa vikielekea chini, dirisha hilo kwa kawaida ni la kuanzia katikati ya karne ya 19. Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, na ile kodi ya madirisha iliyokuwapo tangu 1696 ikafutwa 1851. Vioo vikubwa vikawa vya bei ya kawaida, fremu zikawa nzito, na maungio yakahitaji nyama zaidi. Ndiyo kazi ya vile vijipembe. Wale wanaouza madirisha ya plastiki huvigundisha kama pambo, na ukivigusa unajua.

Mbao zenyewe nyingi ni misonobari ya Baltiki iliyokua polepole kwenye baridi, pete zake zimebanana kweli kweli. Nakuta fremu ya miaka 150 imeoza sehemu moja tu, ubao wa chini ambako maji hutuama. Nakata palipooza, naunga mbao mpya, naweka brashi za kuzuia upepo, nabadili kamba, natoka. Plastiki kioo kikishaingia mvuke katikati au bawaba ikivunjika, mara nyingi unatupa dirisha zima, na hapo limekaa miaka ishirini au thelathini.

Na baridi mnayoisikia, mara nyingi ni upepo unaopenya kwenye nyufa. Zibeni nyufa kwanza. Ukiongeza na kioo cha pili kwa ndani, kwenye fremu yake chenyewe, joto linalopotea dirishani linapungua kwa zaidi ya nusu. Hilo lilipimwa maabara huko Glasgow kwa madirisha ya aina hii. Hata vile vibao vya ndani vya kukunja vinakaribia hapo. Wengi wenu mnavyo na hamjui: vimekunjwa ndani ya kuta za pembeni mwa dirisha, mtu akavipigilia misumari na kuvipaka rangi zamani zile.

Mama Pacha

Fundi, umeeleza vizuri na nimejifunza. Ila naomba niwarudishe chumbani.

Nimepanga nyumba ya zamani kaskazini mwa London, nayo iko eneo la hifadhi. Wanangu wana umri wa miaka mitatu, mmoja ana kifua. Kila asubuhi ya baridi nafuta maji kwenye vioo kwa taulo, na nikilikamua taulo yanatoka kama nimefua. Kona ya nyuma ya kitanda chao ina madoa meusi ambayo hata nikipaka dawa yanarudi baada ya muda. Nimemwandikia mwenye nyumba mara nyingi. Jibu lake halibadiliki: hili ni eneo la hifadhi, mikono yangu imefungwa.

Sasa niambieni ukweli. Mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale mwezi Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu (kuvu) wa nyumba waliyopanga wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan. Sheria imeitwa kwa jina lake, inawabana wenye nyumba za jamii (halmashauri na mashirika ya nyumba) wachunguze na kutengeneza kwa muda maalumu. Nyie mnazungumza vijipembe vya mbao. Kwa nini mapafu ya mwanangu yawe ndiyo bei ya kutunza historia ya watu ambao hata hawakututaka mitaani kwao? Mimi nasema ng'oa, weka plastiki, maisha yaendelee.

Fundi Mbao

Dada, pole sana, na sitakubishia kuhusu mtoto. Lakini mwenye nyumba wako hakuambii kweli. Eneo la hifadhi halizuii kutengeneza dirisha bovu. Halizuii kuziba nyufa. Kama jengo halijaorodheshwa, kioo cha pili cha ndani hakihitaji kibali cha halmashauri. Hakuna sheria ya hifadhi inayomkataza kuweka feni ya kutoa mvuke jikoni na bafuni. Anaificha bili yake nyuma ya neno hifadhi.

Jambo jingine, nyumba ile ya Rochdale haikuwa ya enzi za Victoria. Ukungu haungoji nyumba ya kale. Nyumba za zamani zina ukuta mmoja mzito bila nafasi katikati, zimezoea kupumua kupitia lipu ya chokaa na nyufa. Ukibandika plastiki isiyopitisha hata pumzi, ukaacha kuta baridi, na usiweke feni, mvuke wa kupika na wa kufua utatua ukutani badala ya kwenye kioo. Nimeitwa nyumba kadhaa ambako ukungu uliongezeka baada ya madirisha mapya. Kabla hujasema ng'oa, hakikisha mwenye nyumba hatakung'olea tatizo moja na kukuachia lingine.

Hesabu Kali

Tuingie kwenye fedha, maana ndiko mada iliko.

Ukijenga nyumba mpya Uingereza, VAT ni asilimia sifuri. Ukikarabati nyumba iliyopo, asilimia 20. Zamani walau marekebisho yenye kibali kwenye majengo yaliyoorodheshwa yalikuwa na nafuu. Mwaka 2012 nayo ikaondolewa. Yaani serikali inakwambia kwa mkono mmoja usiguse, na kwa mkono wa pili inamtoza anayetunza na kumsamehe anayebomoa na kujenga upya. Kwa sasa kuna msamaha wa muda hadi Machi 2027 kwa vifaa vya kuokoa nishati: paneli za jua, vifaa vya kuzuia joto lisipotee ukutani, hata hizo brashi za kuzuia upepo za Fundi. Madirisha yenyewe hayamo.

Na msifikiri hili ni suala la mitaa michache ya matajiri. Karibu nyumba moja kati ya tano England ilijengwa kabla ya mwaka 1919. Ziko Leeds, Birmingham, Leicester, Liverpool, na ndiko wengi wetu tulikopanga kwa sababu kodi ya pango huko ni nafuu kidogo. Kubomoa zote haiwezekani, na matofali yale yalishachomwa, moshi wake ulishapaa. Kwa hiyo kwenye nyumba niko na mleta mada.

Ila taa za gesi hapana. Mwaka 2021 halmashauri ya Westminster, hiyo hiyo inayosimamia Pimlico, ilitaka taa zake za barabarani za gesi zibadilishwe ziwe za LED. Ikazuka kelele kubwa, mpango ukapunguzwa, na taa nyingi zikaorodheshwa kisheria. London nzima zimebaki kama 1,500. Mimi najiuliza: tunamwambia mama apunguze hita kwa ajili ya mazingira, halafu barabarani tunachoma gesi ili watalii wapige picha? Nguzo ibaki, kibanda cha kioo kibaki, moto wa ndani uondoke. Kule Maida Vale, Sutherland Avenue, mwaka 2020 waligeuza nguzo 24 za taa kuwa vituo vya kuchajia magari ya umeme, na mtaa haujapoteza sura yake.

Mtoto wa Pwani

Mimi natoka upande ambao Mama Pacha ameugusa kwa sentensi moja: historia ya watu ambao hawakututaka.

Hapo hapo Pimlico, namba 95 Cambridge Street, kuna kibao cha buluu cha mviringo ukutani. Jina lililoandikwa ni Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, na kwamba aliishi pale mwaka 1933 hadi 1937. Enzi hizo Pimlico haikuwa ya kitajiri kama leo. Nyumba za Cubitt zilikuwa zimeshashuka hadhi, zinapangishwa chumba kimoja kimoja, na mwanafunzi Mwafrika aliweza kupata pa kuegesha mkoba. Kenyatta alisoma anthropolojia kwa Profesa Malinowski, katika chuo cha London School of Economics, huku akilala kwenye nyumba hizo. Kibao kiliwekwa mwaka 2005.

Nimesimama pale na wapwa zangu waliokuja kutembea kutoka Nakuru. Wao London walikuwa wameona majina ya majenerali na malodi tu. Kijana akagusa uzio, akapima kwa macho dirisha la juu, akauliza alilala chumba kipi. Swali hilo huliulizi mbele ya jengo la vioo lililojengwa juzi. Na masharti ya vibao vile ni kwamba mtu awe amefariki angalau miaka 20, na jengo alilohusika nalo liwe bado lipo. Jengo likiondoka, na jina letu limeondoka mtaani.

Chukueni mfano mwingine. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Zanzibar mwezi Januari 1964, aliishi Southsea, Portsmouth, kwa zaidi ya miaka hamsini hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Alifariki Desemba 2024. Umpende usimpende, hiyo ni historia yetu imelala kwenye mtaa wa kawaida wa Kiingereza. Kwa kanuni ile ya miaka 20, hakuna atakayeweza kuomba kibao kabla ya mwisho wa 2044. Nani anajua nyumba itakuwa na sura gani wakati huo?

Lakini nimpe Mama Pacha haki yake, maana tarehe zinamuunga mkono. Sheria ya kulinda mitaa ilipita mwaka 1967. Sheria ya kwanza kumkataza mwenye nyumba kumnyima Mwafrika chumba kwa sababu ya rangi ilipita mwaka 1968. Ile ya ubaguzi ya 1965 ilikuwa imeacha nyumba nje. Kuta zilipata mlinzi kabla yetu. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kuta hizi waachiwe wengine wazisimulie. Sisi tulikuwa ndani yake, tukilipa kodi.

Mwendo Pole

Naomba nafasi kama mtu wa kiti cha magurudumu. Mmeongea madirisha, mimi niwaambie kuhusu chini.

Njia za miguu za mitaa hii zimetandikwa mawe mapana ya kutoka Yorkshire. Ni mazuri, nakiri. Jiwe moja likiinuliwa na mzizi wa mti, gurudumu la mbele linakwama na mimi naenda mbele bila kiti. Vile vifuniko vya makaa ambavyo mleta mada anavipenda ni vyuma vya duara, kipenyo kama cha sahani kubwa ya pilau, vimechorwa nyota na maua ili mtu asiteleze. Muuza makaa alikuwa anakifungua, anamwaga gunia, makaa yanaingia kwenye chumba kilicho chini ya barabara bila yeye kukanyaga ndani. Baada ya sheria ya hewa safi ya 1956 vikakosa kazi. Vingi vimelegea, vinagonga ukipita, na kimoja karibu na kwangu kimetitia kiasi cha kumwangusha mzee mwenye fimbo.

Sisemi ving'olewe. Kukiinua na kukilaza sawa na jiwe ni kazi ya asubuhi moja. Nasema wapenda kale wakiona dirisha la plastiki wanaandika barua usiku huo huo, lakini jiwe lililoinuka linakaa miezi. Na zile ngazi za mlangoni zenye nguzo mbili: nyumba za marafiki zangu wa Pimlico sijawahi kuingia hata moja. Nimeomba mara kadhaa njia ya mteremko inayowekwa na kuondolewa, na kila mara nimejibiwa kwamba itaharibu mandhari. Mandhari ya nani? Kama mtaa ni urithi wa wote, mimi nimo kwenye hao wote.

Mkazi wa Mnara

Mimi ni jirani yenu wa Churchill Gardens, zile flati za halmashauri kando ya mto. Nadhani mnasahau kwamba Pimlico ya kale siyo ya lipu nyeupe peke yake.

Mtaa wetu ulijengwa kati ya 1946 na 1962, baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Wasanifu walikuwa Powell na Moya, vijana wadogo walioshinda shindano. Kuanzia mwaka 1950 nyumba zetu zilipashwa joto na maji ya moto yaliyokuwa yakipotea bure kwenye kituo cha umeme cha Battersea, yakapitishwa kwa bomba chini ya Thames na kuhifadhiwa kwenye mnara wa kioo wenye urefu wa mita 41. Battersea ilizimwa mwaka 1983, lakini mtandao wa mabomba bado unafanya kazi kwa mitambo mingine na unahudumia zaidi ya nyumba 3,000. Mnara umeorodheshwa, na baadhi ya majengo yetu pia.

Ninachotaka kusema: mnabishana dirisha moja moja, flati moja moja, kila mtu na boila yake. Zaidi ya miaka 70 iliyopita mtaa huu huu ulipewa joto kwa pamoja bila kugusa uso wa nyumba hata moja. Kwa nini hakuna anayedai mabomba yale yafike kwenye nyumba za Cubitt? Vyumba vya makaa viko chini ya njia za miguu, vitupu, mbele ya karibu kila jengo. Wahandisi waulizwe kama vinafaa kuingizia mabomba.

Mpangaji wa Ghorofani (mleta mada)

Nimerudi. Asanteni, mmenipa mengi.

Mkazi wa Mnara, hilo la vyumba vya makaa sikuwahi kulifikiria na nitalipeleka kwa diwani wetu kwa maandishi. Pia umenikumbusha shule ya Pimlico, ile ya zege na vioo iliyofunguliwa mwaka 1970. Kiangazi iliwaka moto, baridi ikagandisha. Waliotaka iorodheshwe walikataliwa, na kufikia 2010 ilikuwa imebomolewa yote. Naamini ingetengenezwa mapema na kupewa vioo vya maana, ingekuwa imesimama. Jengo lisilokalika hukosa watetezi siku ya hukumu, na hilo ndilo naliogopea madirisha yetu.

Mwendo Pole, kwenye mteremko niko nawe moja kwa moja. Kitu kinachowekwa asubuhi na kuondolewa jioni hakijaharibu chochote. Nilipokuwa naandika mada nilitazama mtaa kwa kiwango cha macho ya mtu aliyesimama, na hapo umenisogeza.

Hesabu Kali, kwenye taa za gesi ninatofautiana nawe kidogo. Ukihesabu gesi inayochomwa na taa 1,500 kwa London nzima, ni tone ukilinganisha na maboila ya jiji. Ila nakubali kwamba uso wa mtaa unaweza kubaki na kilicho ndani kikabadilika, na hiyo ndiyo hoja yangu ya madirisha. Siwezi kuidai kwenye kioo na kuikataa kwenye taa. Pale ambapo taa imeorodheshwa iachwe. Kwingine kibanda na nguzo vinanitosha.

Kuna mfano wa kufuata. Mwaka 2022 halmashauri ya Kensington na Chelsea, jirani zetu wa magharibi, ilitoa kibali cha jumla cha kuweka paneli za jua kwenye majengo mengi yaliyoorodheshwa, ili kila mwenye nyumba asianze ombi lake upya kutoka sifuri. Kama paneli juu ya paa la jengo lililoorodheshwa zimewezekana, kibali cha jumla cha vioo vyembamba ndani ya fremu za mbao kinashindikana wapi?

Nitoe na neno kwa wanaosema kale ni kale tu, ibaki kama ilivyo. Mitaa hii haijawahi kubaki kama ilivyo. Wakati wa vita serikali ilikata vyuma vya uzio nchi nzima ili viyeyushwe. Piteni mitaa mingi mtaona juu ya ukuta wa bustani vishina vya chuma vilivyokatwa, vimezungukwa na madini ya risasi yaliyomiminwa kwenye jiwe. Vile vilivyozuia watu wasitumbukie kwenye ua wa ghorofa iliyo chini ya usawa wa barabara viliachwa kwa usalama. Baada ya vita machela za chuma zilizobebea majeruhi wa mabomu zikageuzwa uzio wa nyumba za halmashauri kusini mwa London. Ziko hadi leo Peckham na Deptford: utaona nguzo zimepinda karibu na ncha, pale palipokuwa miguu ya machela. Leo watu wanapigania uzio huo utunzwe, na mimi niko nao.

Kuhusu saini: sitampa jirani wa plastiki, na sitawapa wapinzani wake hadi barua yao itaje kwamba jengo zima litengenezewe madirisha na kuwekewa kioo cha ndani kwa gharama ya wenye mali. Wamesema watafikiria.

Mama Pacha

Nimesoma yote. Bado nasema sheria imeanza na jengo badala ya kuanza na mtu, na Mtoto wa Pwani amenipa tarehe za kulithibitisha. Kibao cha Kenyatta nitawapeleka wanangu wakakione, lakini hakitawakausha ukuta.

Nina maswali mawili ya kazi. Kwanza, mimi si raia na sina nyumba. Nikitaka kuandika maoni kwenye ombi la kibali la mtaani kwangu, nitasikilizwa? Pili, Fundi, nimwandikie mwenye nyumba nini hasa, asiweze kukwepa?

Hesabu Kali

La kwanza nakujibu mimi. Ombi la kibali likitangazwa, mtu yeyote anaweza kuandika: mpangaji, mwanafunzi, asiye raia. Kwa kawaida unapewa siku 21. Usiandike kwamba jirani ana roho mbaya au kwamba bei ya nyumba itashuka, hayo hawayapimi. Andika kuhusu sura ya jengo, mwanga, joto na nishati, na njia ya kupita watu. Maoni yako yatawekwa wazi, kwa hiyo usiweke namba ya simu wala habari za afya ya mtoto kwenye maandishi hayo. Hayo ya mtoto yapeleke kwa idara ya afya ya mazingira ya halmashauri, ambayo ina mamlaka ya kuja kukagua nyumba ya kupanga na kumwamuru mwenye nyumba atengeneze.

Fundi Mbao

La pili ni langu. Kabla hujaandika, subiri siku ya upepo. Washa kijiti cha ubani, kipitishe taratibu kuzunguka fremu zote mbili, hasa pale zinapokutana katikati, na moshi ukiyumba weka alama kwa penseli. Piga picha za alama na za ile kona nyuma ya kitanda. Kisha omba vitu vinne kwa majina: brashi za kuzuia upepo, kamba mpya pale dirisha lisipokaa juu, kioo cha pili cha ndani kwenye chumba cha watoto kwanza, na feni ya kutoa mvuke jikoni na bafuni. Andika kwamba hakuna hata kimoja kinachobadili sura ya nje, na umuulize, kwa maandishi, ni kifungu gani cha hifadhi kinachomzuia.

Pima pia upana wa mbao kati ya kioo chako na ukingo wa ndani wa dirisha, uniandikie hapa. Ukizidi sentimita kumi, hicho kioo cha pili kitaingia bila shida na vibao vya kukunja vitaendelea kufunga, kama vimo. Gonga pembeni kwa kidole usikie kama pana uwazi.